Seti Mbili, Mama Mmoja: Historia Fupi ya Neno "Sawa"

Wacha nianze na aibu yangu, ndio usidhani hapa kuna mtu anajifanya mjuaji.

Nilipomaliza shule na nikawa nasubiri kuitwa chuo, nilijifunza Java kwa laptop ya kuazima. Mathe yuko kwa chama cha akina mama 24 hapo mtaani. Kila mwezi kila mmoja anatoa shilingi 500, mmoja anaenda nyumbani na 12,000. Mweka hazina anaandika kila kitu kwa kitabu cha kaunta, ile ya jalada ngumu. Mimi na ujuaji wangu nikasema, hii ni karne gani? Nitawatengenezea programu.

Programu yenyewe ilikuwa ndogo. Seti moja ya waliosajiliwa, seti nyingine ya waliolipa mwezi huo. Mwisho wa mwezi unaiuliza kompyuta swali moja: hizi seti mbili ni sawa? Zikiwa sawa, kila mtu amelipa. Zisipokuwa sawa, inakupa jina la aliyekosa.

Mwezi wa kwanza, poa. Mwezi wa pili, poa. Mwezi wa tatu ikatoa jina la mama mmoja. Katibu akalisoma mbele ya watu wote. Yule mama akasimama, akasema amelipa. Meseji ya kuthibitisha hakuwa nayo, juu simu yake ilikuwa imeibwa wiki hiyo na alikuwa amechukua laini mpya. Kukawa kimya, ile kimya ya watu kuangalia chini. Halafu akanigeukia, hakuwa hata na hasira, akaniuliza: "Kijana, hiyo kompyuta yako inanijua mimi?"

Nilifungua programu hapo hapo. Nikachapisha seti ya waliolipa: jina lake liko. Nikachapisha ya waliosajiliwa: jina lake liko. Nikaiuliza kama yuko kwa waliolipa. Ikasema hayuko.

Soma hiyo tena. Jina liko, lakini ukiuliza, hayuko.

Imenichukua muda mrefu kuelewa vizuri kilichotokea, na nikaishia kusoma historia badala ya kusoma programu. Kwa sababu swali la yule mama ni la zamani kuliko kompyuta yenyewe.

Wazee wa Ujerumani waliona ni rahisi

Seti ni nini? Ni mkusanyiko wa vitu, basi. Haina wa kwanza wala wa mwisho, na ukimtaja mtu mara tatu bado ni mmoja. Chama ni seti. Foleni ya matatu si seti, juu hapo mpangilio ni kila kitu, jaribu kuruka mtu uone.

Aliyeipa seti heshima ya kuwa somo ni Georg Cantor, mwalimu wa chuo kikuu cha Halle, Ujerumani. Mwaka 1874 alichapisha karatasi iliyoonyesha kwamba kuna mikusanyiko isiyo na mwisho ambayo ni mikubwa kuliko mingine isiyo na mwisho. Mbinu yake ilikuwa kuoanisha: mmoja wa huku na mmoja wa kule, uone kama kuna atakayebaki bila mwenzake. Hiyo inakuambia seti mbili zina ukubwa sawa. Haikuambii ni seti moja. Chama cha mathe kina watu 24, na chama cha plot ya pili kinaweza kuwa na 24 pia. Ukubwa sawa, watu tofauti kabisa.

Rafiki yake Cantor, Richard Dedekind, aliliweka sawa jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1888: mikusanyiko miwili ni kitu kimoja ikiwa kila kilicho ndani ya huu kimo ndani ya ule, na kinyume chake. Halafu mwaka 1908 Ernst Zermelo akaandika kanuni rasmi za seti, na ya kwanza kabisa kwenye orodha yake ndiyo hiyo: seti inajulikana kwa memba wake, hakuna kingine. Haijalishi nani aliianzisha au inaitwaje. Memba ni wale wale? Basi ni seti ile ile.

Inaonekana safi sana, si ndio? Lakini kuna ujanja umejificha pale. Ili kujua kama seti mbili ni sawa, lazima kwanza ujue kama memba wawili ni sawa. Kanuni inachukua swali gumu na kulisukuma chini ngazi moja. Nani anaamua kwamba huyu ni yule?

Mjerumani mwingine, Gottlob Frege, alikuwa ameliona tatizo hilo mwaka 1892. Mfano wake ni nyota. Kuna nyota ya asubuhi na kuna nyota ya jioni. Watu waliziona na kuzipa majina mawili, kumbe zote mbili ni sayari moja, Zuhura. Majina mawili, kitu kimoja. Ukiandika seti ya "nyota ya asubuhi na nyota ya jioni", ina memba wangapi? Mtu wa majina atakuambia wawili. Mtu wa anga atakuambia mmoja. Na kila mmoja ana haki yake.

Halafu zikaja kompyuta, na "sawa" ikagawanyika mara mbili

Waandishi wa lugha za programu waligundua mapema sana kwamba neno moja la "sawa" halitoshi. John McCarthy wa MIT alipochapisha Lisp mwaka 1960, tayari kulikuwa na mawili: `eq` na `equal`. La kwanza ni la vitu vidogo visivyogawanyika, na kwa matumizi ya kila siku lilikuja kumaanisha "hiki ni kitu kile kile ndani ya kumbukumbu ya mashine?". La pili linafungua vitu na kulinganisha yaliyo ndani.

Fikiria noti mbili za shilingi mia. Kwa mwenye duka ni sawa kabisa, umlipe na hii au ile hajali. Kwa polisi anayefuatilia noti iliyoibwa, kila noti ina nambari yake. Hakuna jibu moja la kweli. Kuna swali unalouliza, na sababu ya kuliuliza.

Sasa twende Oslo, Norwei. Huko ndiko Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitengeneza Simula, na toleo lao la 1967 ndilo linalohesabiwa kuwa mwanzo wa programu za objekti. Angalia walikuwa wanataka kufanya nini: kuiga mambo ya dunia ndani ya kompyuta, kama foleni za wateja au za magari. Ukiiga foleni, lori mbili zenye mzigo sawa na rangi sawa bado ni lori mbili. Haziwezi kugeuka kuwa moja ati kwa sababu zinafanana. Kwa hivyo objekti ikazaliwa na utambulisho wake wenyewe, hata kama ndani yake hakuna tofauti na mwenzake. Simula ikawa na alama ya kulinganisha thamani, `=`, na nyingine ya kuuliza kama ni objekti ile ile, `==`.

Karibu wakati huo huo, huko New York, Jacob Schwartz alikuwa anaanzisha lugha ya SETL ambayo msingi wake ulikuwa seti zenyewe, zile za hesabu. Huko seti ilikuwa kama namba: tano ni tano, haina haja ya kitambulisho.

Kwa maoni yangu ugomvi wote ulianzia hapo. Kuna kabila la hesabu linalosema kitu ni yale yaliyo ndani yake. Na kuna kabila la objekti linalosema kitu ni kitu, hata yaliyo ndani yakibadilika. Wewe jana na wewe leo ni mtu mmoja ingawa umenyoa. Makabila haya mawili yakafunga ndoa ndani ya lugha tunazotumia leo, na watoto wa ndoa hiyo ndio sisi tunahangaika nao.

Java na sheria za ndoa

Java ilitoka mwaka 1995, na kila objekti ndani yake inazaliwa na methodi mbili: `equals` na `hashCode`. Usipogusa chochote, `equals` inafuata kabila la objekti: wewe ni sawa na wewe mwenyewe tu. Ukitaka kabila la hesabu, unaandika sheria yako.

Hiyo hashi ni nini? Wazo linarudi hadi 1953, kwa Hans Peter Luhn wa IBM. Badala ya kutafuta kitu kwa kupekua orodha yote, unakikokotolea nambari kutokana na yaliyo ndani yake, na nambari hiyo inakuambia kiko kwenye ndoo gani. Unaenda moja kwa moja kwa hiyo ndoo. Ndio maana seti yenye memba milioni moja inakujibu haraka tu kama ile ya kumi.

Mwaka 1998, na Java 1.2, yakaja makusanyo ya kisasa yaliyoongozwa na Joshua Bloch. Hapo ndipo Java iliamua rasmi seti mbili zinakuwa sawa lini, na ukisoma uamuzi wenyewe ni Dedekind mtupu. Hatua ni hizi. Je, ni seti ile ile kabisa? Basi ni sawa, maliza. Je, hicho kingine ni seti kweli? Kama ni orodha, si sawa hata kama vilivyomo ni vile vile. Je, idadi inalingana? Kama hailingani, achana nayo. Mwisho, je, kila memba wa huko yuko pia hapa? Haijalishi seti moja ilitengenezwa kwa ndoo na nyingine kwa mti uliopangwa. Hata hashi ya seti yenyewe ni jumla ya hashi za memba wake, kwa sababu kujumlisha hakujali nani alitangulia. Hiyo nilipoielewa nilicheka peke yangu usiku.

Lakini kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kila mahali palipoachwa swali la "memba ni sawa lini", kuna shimo.

Chukua pesa. Java ina aina ya namba ya kuhesabu pesa bila makosa, inaitwa `BigDecimal`. Ndani yake 500.0 na 500.00 si sawa ukitumia `equals`, juu idadi ya desimali inahesabika. Lakini ukizipanga kwa ukubwa, zinalingana. Matokeo? Ziweke kwenye `HashSet`, utapata memba wawili. Ziweke kwenye `TreeSet`, utapata mmoja. Pesa zile zile, seti mbili, hesabu mbili.

Chukua majina. Tengeneza seti ya mti isiyojali herufi kubwa na ndogo, uweke "wanjiru". Tengeneza seti ya kawaida ya hashi, uweke "WANJIRU". Iulize ya kwanza kama ni sawa na ya pili: ndiyo. Iulize ya pili kama ni sawa na ya kwanza: hapana. Mimi ni rafiki yako, wewe si rafiki yangu. Kila moja inatumia sheria zake kuuliza.

Ile ya kushangaza zaidi ni klasi ya anwani za intaneti, `URL`. Walioiandika waliamua kwamba anwani mbili zinaweza kuwa sawa ikiwa majina ya seva zao yanaelekeza kwa mashine ile ile. Ili kujua hilo, Java inabidi iulize mtandao. Yaani bando zako zikiisha, vitu vilivyokuwa sawa vinaweza kuacha kuwa sawa. Mwaka 2002 ikaletwa klasi nyingine, `URI`, inayolinganisha maandishi tu bila kusumbua mtu.

Na kuna urithi. Ukiwa na klasi ya nukta, halafu mtu arithi atengeneze nukta yenye rangi, je, nukta ya kawaida na nukta nyekundu mahali pamoja ni sawa? Barbara Liskov, katika hotuba yake ya mwaka 1987, alieleza kwamba mtoto wa klasi lazima aweze kukaa mahali pa mzazi bila programu kuharibika. Bloch, katika kitabu chake cha mwaka 2001, akaonyesha kwamba ukirithi klasi ya kawaida na kuongeza kitu kipya cha kulinganisha, huwezi kutimiza masharti yote ya `equals`. Hata maktaba ya Java yenyewe imenaswa hapo: `Timestamp` inarithi `Date`, na maelezo yake rasmi yanakiri kwamba ulinganisho kati yao hauendi pande zote mbili.

Sasa rudi kwa yule mama

Klasi yangu ya Mwanachama ilikuwa na jina na nambari ya simu. Niliandika `equals` ilinganishe vyote viwili, na hashi ikokotolewe kwa vyote viwili. Nilijivunia hiyo.

Yule mama alipolipa, programu ilikokotoa hashi yake na kumweka, tuseme, kwenye ndoo ya saba. Siku chache baadaye akaibiwa simu, akapata laini mpya, na mimi nikaingia kwa programu nikabadilisha nambari. Hashi yake ikabadilika. Lakini yeye bado alikuwa amekaa kwenye ndoo ya saba. Mwisho wa mwezi programu ikakokotoa hashi mpya, ikaenda ndoo ya kumi na mbili, ikakuta patupu, ikarudi na jibu: hayuko. Ndio maana kuchapisha kulimwonyesha, juu kuchapisha kunapita kila ndoo. Kuuliza kulienda kwa ndoo moja tu, isiyo yake.

Na hapa ndipo panauma. Ndani ya seti zote mbili ilikuwa objekti ile ile moja. Si nakala. Mtu mmoja, ameingia pande zote mbili, na kompyuta inasema seti hazilingani.

Maelezo rasmi ya Java yanaonya waziwazi kuhusu kuweka ndani ya seti vitu vinavyoweza kubadilika. Yalikuwa yameandikwa hapo kabla mimi sijazaliwa. Sikusoma. Kwa hivyo siwezi kusema ni Java ilimwaibisha yule mama. Ni mimi.

Lugha zingine ziliamua tofauti. Python, ambayo seti ziliingia ndani ya lugha yenyewe mwaka 2004, inakataa kabisa kuweka orodha inayobadilika ndani ya seti. Na katika Python 3 ukiandika klasi yenye kanuni yako ya usawa bila kuandika ya hashi, inakataa kuiweka kwenye seti. Inakuzuia mlangoni. JavaScript ilipata seti mwaka 2015, lakini objekti inazilinganisha kwa utambulisho tu. Mwaka 2025 ikaongezewa methodi za kuuliza kama seti moja imo ndani ya nyingine, lakini ya kuuliza kama ni sawa bado haina. Unajitengenezea mwenyewe: idadi ilingane, na moja iwe ndani ya nyingine.

Mtu aliyenisaidia zaidi kuelewa ni Henry Baker, aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1993. Hoja yake kwa lugha yangu: kitu kisichobadilika, kilinganishe kwa yaliyo ndani yake. Kitu kinachobadilika, kilinganishe kwa utambulisho wake tu. Kwa sababu ukisema vitu viwili vinavyobadilika ni "sawa", unaongea kuhusu saa hii tu. Kesho huna uhakika.

Na binadamu ni kitu kinachobadilika kuliko vyote. Anapoteza simu. Anaolewa, anabadilisha jina. Anahama. Ukiandika programu inayosema mtu ni jina lake pamoja na laini yake, umeandika kwamba akiibiwa simu ameacha kuwa yeye.

Ndio maana sikubali nikisikia watu wakisema kompyuta haina upendeleo, inalinganisha tu. Hakuna kulinganisha tu. Nyuma ya kila "si sawa" kuna mtu aliyekaa chini akaamua ni nini kinahesabika na ni nini hakihesabiki. Ukiwahi kuambiwa na mfumo wa mahali fulani kwamba majina yako hayalingani, kwa sababu kwenye cheti jina la baba liko mwisho na kwenye kitambulisho liko katikati, ujue mtu alilinganisha foleni mahali alipofaa kulinganisha seti. Si wewe uliyekosea kuitwa jina lako.

Nilirudi kwa chama mwezi uliofuata. Nikamwomba yule mama msamaha mbele ya wale wale waliokuwa wameangalia chini. Akaniambia nikae, ninywe chai.

Halafu mweka hazina akafungua kile kitabu chake cha kaunta kunionyesha malipo yake. Kila mama alikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa una nambari aliyopewa siku ya kujiunga. Yule mama ni nambari 17. Laini za simu zilikuwa zimekatwa na kuandikwa upya mara kadhaa, na jina moja lilikuwa limerekebishwa kwa peni nyekundu. Nambari ya ukurasa haikuwa imeguswa tangu mwanzo.

Nikaenda nyumbani nikafuta mstari mmoja wa `equals` na mmoja wa hashi, nikaandika upya: mwanachama ni nambari yake ya ukurasa, basi. Tangu hapo seti hazijawahi kugombana.

Wewe je, ushawahi kuambiwa na mashine kwamba wewe si wewe? Niambie ilikuwaje.